Trekta Dogo na Trekta la Kiasi: Lipi Litastahimili?

Wanachama kadha wa kadha wanatuuliza: wakichanga fedha kununua trekta la pamoja, wachukue dogo jipya la nguvu za farasi 25, au la kiasi la nguvu 45 lililokwisha tumika? Bei huenda zikakaribiana. Lakini nguvu za injini ni jambo moja, na ustahimilivu wa mwili ni jambo jingine. Hili la pili ndilo litakaloamua kama mwaka wa tano mtakuwa na trekta au mtakuwa na chuma cha kulalia kuku.

Motokaa nyingi za mizigo zina chasi, na injini huwekwa juu yake. Matrekta mengi hayana chasi. Injini, sanduku la gia na nyumba ya ekseli ya nyuma hufungwa pamoja kwa boliti, na hivyo ndivyo vinavyokuwa uti wa mgongo. Fordson ya mwaka 1917 iliundwa hivyo, na Ferguson TE20, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hata 1956, ikafuata njia hiyo. Basi jembe likigonga jiwe, pigo hupita katika vyuma hivyo vyote. Vikiwa vyembamba, siku moja hupasuka, na ufa wa sanduku la gia si wa kuzibwa na kila mchomeleaji.

Mtu atajuaje unene asiouona? Chukueni rula, mpime tundu la mkono wa chini wa kunyanyulia jembe, pale inapoingia pini. (Tazameni kwanza kama halikuvikwa bushi.) Watengenezaji hufuata madaraja yaliyokubaliwa: daraja la 0 ni pini ya milimita 16, la 1 ni 22, la 2 ni 28, na la 3 ni karibu 37. Msidharau tofauti hiyo. Pini ya 22 ina chuma karibu mara mbili ya ile ya 16, na ya 28 zaidi ya mara tatu. Hapo mtengenezaji mwenyewe amekwisha kuwaambia ni kazi gani aliyoikusudia.

Wala hatusemi kubwa ndilo gumu siku zote. Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958 kwa matrekta madogo ya Ferguson yaliyovishwa minyororo. Na huko Kongwa, Tanganyika, mradi wa karanga ulioanza 1947 uliletewa mitambo mikubwa, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Ardhi ngumu ikala majembe, vipuri vikakosekana, na mwaka 1951 mradi ukaachwa.

Sasa tutazame kwetu. Chini ya mikarafuu hapana haja ya kulima kwa trekta, kwani mizizi mingi i karibu na uso wa ardhi na jembe huikata. Kazi ya trekta ni bonde la mpunga, na kuvuta tela. Karafuu mbichi ni nzito, kilo tatu hutoa kilo moja tu kavu, na vilima vya Pemba mnavijua. Tela lisilo na breki zake, likiwa zito kuliko trekta, hulisukuma mteremkoni hata dereva akikanyaga kwa miguu miwili. Hapa injini haisaidii kitu. Uzito ndio unaosaidia. Tena msinunue trekta lisilo na fremu ya kumkinga dereva likipinduka. Sweden ililazimisha fremu hiyo kwa matrekta mapya tangu 1959.

Kwa kikundi chenye bonde na tela, sisi twachagua la kiasi lililotumika, maadamu vipuri vyake vyapatikana. Mwenye kitalu tu, dogo lamtosha. Lakini kabla ya kulipa, tazameni maungio ya injini na sanduku la gia kama yana alama za kuchomelewa, kisha fungueni oili ya gia: ikiwa nyeupe kama tui, maji yamekwisha ingia.