Mtikisiko wa Ubongo katika Mbio za Enduro

Katika mbio za baiskeli za milimani aina ya enduro, muda unaohesabiwa ni wa kuteremka tu. Muda wa kupanda kilima hauhesabiwi. Kwa hiyo mwanamichezo wa ridhaa aangukapo mteremkoni huinuka upesi na kuendelea, akihofia kupoteza sekunde. Hapo ndipo penye hatari.

Helmeti hupunguza uwezekano wa fuvu kuvunjika, lakini haizuii kikamilifu ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Tena, si lazima majeruhi azimie. Mhudumu wa afya amwulize: mteremko huu ni wa ngapi? Umeangukaje? Kusitasita katika majibu, kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu hutosha kuzua shaka. Na penye shaka, majeruhi asirejee mashindanoni siku hiyo.

Kutapika mara kwa mara, degedege, kusinzia kupita kiasi, maumivu ya shingo au ya kichwa yanayozidi ni dalili za kumfikisha hospitalini mara moja. Asiye na dalili hizo afanye shughuli nyepesi tu kwa saa 24 hadi 48, kisha arejee mazoezini hatua kwa hatua, na mashindanoni kwa idhini ya daktari.