Somo la Mwezi: Siku Thelathini za Mfanyakazi



Yule mjane wa Luka 18 tumemhubiri mara nyingi. Alimrudia kadhi mpaka akasikilizwa. Ni mfano mwema wa maombi. Lakini katika mambo ya kazi, mtu anayemrudia mwajiri kumbembeleza aweza kuipoteza haki yake, kwa maana siku zinahesabiwa.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kanuni za mwaka 2007 zimeweka muda. Aliyeachishwa kazi ana siku 30. Kwa malalamiko mengine, kama kunyimwa cheo, ni siku 60 tangu jambo lilipotokea. (Watumishi wa serikali huanzia kwanza kwenye rufaa za utumishi wa umma.)

Tufanye hesabu kidogo, kama darasani. Tuseme karani amepofuka jicho moja, na tarehe 3 Machi anapewa barua ya kuachishwa. Siku ya thelathini ni tarehe 2 Aprili, na pengine Pasaka imo katikati. Juma la kwanza analia. La pili anamtuma mjomba kwa meneja. La tatu meneja anajibu, "Tutaangalia." Maneno matamu, lakini hayasimamishi hesabu. Kama kazini kuna utaratibu wa rufaa naye ameufuata, siku huanzia pale mwajiri anapotoa uamuzi wa mwisho. Ahadi ya mdomo si rufaa.

Wengine wetu huogopa kwamba kufungua shauri ni kugombana, wakikumbuka 1 Wakorintho 6. Hofu hiyo tunaiheshimu, lakini hapa haina msingi, maana Tume huanza kwa kuwakalisha pande mbili wapatane. Mjomba na aendelee kumwona meneja, ila fomu namba 1 ya Tume ijazwe, mwajiri apewe nakala yake na kutia sahihi ya kuipokea, kisha ipelekwe Tume. Na mfanyakazi akionyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Aliyechelewa aombe Tume impokee nje ya muda, akiapa na kueleza sababu. Kulazwa hospitali ni sababu, vyeti vikiwepo, na siku zote za kuchelewa zielezwe. Kusema "sikuijua sheria" hakumsaidii mtu.

Barua ikija bila tarehe, andikeni juu yake siku mliyoipokea, mbele ya shahidi. Na kwa ndugu zetu wasioona, jirani amsomee mwenzake barua siku ile ile inapofika, asingoje Jumapili.