Kwenda Kutafuta Msaada si Kumwacha Mwenzio

Mwezi wa Septemba 1970 madaktari wawili kutoka Austria, Gerd Judmaier na Oswald Oelz, walifika Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, mita 5,199. Walipoanza kushuka jiwe lilibanduka, Judmaier akaanguka, mfupa wa mguu ukavunjika na kutokeza nje. Oelz aliishika kamba iliyowaunganisha hata ikamchoma viganja. Mwenzake akabaki hai.

Lakini fikirini saa iliyofuata. Peke yake Oelz hangeweza kumteremsha. Kama angekaa tu hapo kwa sababu ya mapenzi, baridi ingewaua wote wawili. Basi akamfunga vizuri kwenye mwamba, akamweleza anakokwenda, akashuka. Baadaye alipanda tena akiwa na dawa, akakaa naye. Wapandaji wa Mountain Club of Kenya walikuja, na babaye Judmaier akafanya mpango waokoaji waletwe kwa ndege kutoka Innsbruck. Kazi ilichukua zaidi ya wiki moja, na rubani mmoja alikufa helikopta yake ilipoanguka. Judmaier aliokoka.

Katika nyumba zetu tunajua sana kushika kamba. Mume amezama katika pombe, mke anafunga mlango na kusema, "Huu ni msalaba wangu." Mke halali tangu ajifungue, analia na hataki kumshika mtoto, naye mume anawaambia majirani, "Mama watoto ana malaria kidogo." Wanashika, viganja vinaungua, na hakuna anayejua. Tulifundishwa kwamba siri ya nyumba haitoki nje, na mimi naona mafundisho hayo yamezika watu.

Oelz hakukimbia. Alimfunga mwenzake kwanza, na alirudi. Kurudi kwa wazazi kwa hasira bila neno ni jambo lingine kabisa. Mwambie mwenzio waziwazi: "Hali hii imetushinda sisi wawili, kesho namwendea fulani." Si lazima jumuiya nzima ijue! Wasimamizi wenu wa ndoa, paroko, au daktari watosha kwa kuanzia. Huyo mama asiyelala anahitaji daktari upesi, wala asiachwe peke yake.

Palipo na kipigo, usingoje ruhusa ya anayepiga. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni namba 1153, inamruhusu mwenye ndoa kuondoka ikiwa yeye au watoto wamo katika hatari kubwa.

Jioni hii, watoto wakisha kulala, ulizaneni: "Mimi nikizidiwa hata nisiweze kuomba msaada, ungemwita nani kwanza?" Kila mmoja ataje jina la mtu. Msipokubaliana juu ya jina, endeleeni kuzungumza kesho.