Somo: Kutambua Kichaa cha Mbwa



Katika makambi ya chai na miwa nchini Uganda, mbwa tunaishi nao kila siku. Inatupasa tuzijue dalili za kichaa cha mbwa, na pia tujue kwamba dalili peke yake si ushahidi.

Ugonjwa huu huletwa na virusi vilivyomo katika mate. Mbwa akiuma, virusi huingia jerahani na kufuata mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Kwa binadamu safari hiyo mara nyingi huchukua miezi 2 hadi 3. Dalili zikishamtokea mtu, kupona ni kwa nadra mno.

Mbwa mgonjwa huonekana kwa namna mbili:

1. Ukali. Tabia hubadilika ghafla. Huzurura, huuma watu, vijiti na mawe bila kuchokozwa, na sauti yake hubadilika.

2. Kupooza. Hujificha, taya la chini hulegea, mate humtiririka, miguu hukosa nguvu. Wengi hudhani amekwama mfupa kooni. Usitie mkono kinywani mwake!

Tusidanganyike na jambo moja: kuogopa maji ni dalili ya binadamu. Mbwa mwenye kichaa aweza kunywa maji, hata kuvuka mto.

Sumu na magonjwa mengine huweza kufanana na dalili hizi. Ushahidi kamili hupatikana katika ubongo wa mnyama aliyekufa. Mwaka 1903 Adelchi Negri wa Italia alieleza vijipunje alivyoviona kwa darubini ndani ya chembe za ubongo huo. Tangu 1958 kuna kipimo bora zaidi, ambacho hufanya virusi vyenyewe ving'ae chini ya darubini. Kwa hiyo mbwa anayeshukiwa asipondwe kichwa, wala asizikwe kabla ya bwana mifugo kuarifiwa. Usimkate kichwa wewe mwenyewe.

Mbwa aliyeuma, kama yu hai na anaweza kufungiwa bila hatari, atazamwe siku 10. Virusi huingia katika mate siku chache tu kabla ya dalili. Basi kama mate yalikuwa na virusi siku aliyouma, ataugua au kufa katika muda huo.

Lakini jeraha halingoji siku 10, wala majibu ya maabara. Lioshe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Usipake pilipili wala majani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze chanjo, na umalize sindano zote ulizoandikiwa. Mbwa akibaki mzima baada ya siku 10, daktari ndiye atakayeamua kuzisimamisha.

Mnyapara asimwambie aliyeumwa amalize kwanza kazi ya siku. Viongozi wa tawi wadai sabuni na maji mahali pa kazi, gari la kupeleka majeruhi, na chanjo kwa mbwa wa kambi. Pale ambapo mbwa 70 katika kila 100 huchanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Maswali ya kujadiliana tawini:

1. Kwa nini aliyeumwa asisubiri majibu ya maabara?
2. Hospitali yenye chanjo iliyo karibu nasi ni ipi, na usiku tutafikaje?
3. Mbwa wa kambi yetu walichanjwa lini?