Dondoo muhimu: Makadirio ya nyumba iliyoingiliwa na maji
Mkandarasi uliyeko Marekani na unayetumia programu ya makadirio ya Xactimate, anza na mchoro wa chumba. Kipimo kimoja kikikosewa, bei ya jipsamu, rangi na zulia zote zinapotoka. Kisha hakikisha orodha ya bei ni ya eneo lako na ya mwezi husika.

Feni za kukaushia hutozwa kwa kila saa 24. Andika idadi ya feni na siku zilipowaka, uambatishe vipimo vya unyevu vya kila siku. Bila hivyo kampuni ya bima ina sababu ya kukukata malipo, na hapo ndipo wengi huumia.

Ukibomoa ukuta ukakuta mbao zimeoza, usiendelee kimyakimya. Piga picha, tuma makadirio ya nyongeza, usubiri idhini ya maandishi. Toleo la awali la makadirio usilifute kamwe.