Neno Lisilo na Mwenyewe

Juma hili twataka kulitazama neno moja tu la Kiswahili, nalo ni "inasemekana". Katika mitaa ya Tandika na Mbagala kule Temeke, na Mwananyamala na Tegeta upande wa Kinondoni, habari nyingi zifikazo katika simu zetu huanza na neno hilo, au huja na mwenzake, "nimeituma kama nilivyoipokea".

Mwalimu wa sarufi atatusaidia hapa. Tukisema "jirani amesema", msemaji tunaye. Tukisema "imesemwa", bado twaweza kuongeza "na jirani". Lakini "inasemekana" haikubali nyongeza hiyo kamwe. Hakuna aliyesema, habari imeota yenyewe kama nyasi uwanjani.

Hatudai kwamba uvumi ulianza na simu. Zamani za ukoloni watu wa Dar es Salaam walisimuliana habari za mumiani, ambao eti waliwanyonya watu damu, na wako walioliogopa hata gari la zimamoto. Hata hivyo uvumi ule ulikwenda kwa miguu, na msikilizaji aliweza kumtazama msemaji usoni na kumwuliza, "Wewe umeyapata wapi?" Hata mama mwenye kanga ya mafumbo (wala hatumlaumu, mafumbo yana utamu wake) huyavaa maneno yake mwilini mwake mwenyewe, na anayesemwa humwona.

Simu imeuondoa uso huo. Mwaka 2018, nchini India, ujumbe wa WhatsApp juu ya wezi wa watoto uliwafanya watu wa vijiji kadhaa wawapige wapita njia hata kuwaua. Ndipo Januari 2019 kampuni hiyo ikaweka mpaka duniani kote, mtu asiweze kuupeleka ujumbe aliopokea kwa zaidi ya watu au vikundi 5 kwa mara moja. Watano, kwa mtu mmoja! Nao wana watano wao.

Hapa kwetu, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu anayetangaza habari akijua kuwa ni za uongo, kwa nia ya kuupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Basi mtu atasema, "Mimi sikujua." Mbele ya hakimu huenda ikamfaa. Lakini Katekisimu ya mwaka 1992, katika Amri ya Nane, humhesabia kosa hata yule aliyesadiki kimoyomoyo, bila msingi wa kutosha, kwamba jirani yake ana hatia. Yaani kabla kidole hakijagusa simu. Na habari ya kweli juu ya aibu ya binti wa jirani, ikipelekwa bila sababu ya haki, ni masengenyo. Ukweli wake hauiponyi.

Kwa hiyo mtoto akiuliza mezani, "Nani kasema?", wazazi wasimkemee kwa utovu wa adabu. Ameuliza vema.

Tena Katekisimu hudai malipizi kwa jirani aliyeharibiwa jina. Aliyeipeleka habari ya uongo katika kikundi cha jumuiya, cha ukoo na cha vikoba, yampasa arudi katika vyote vitatu na kuandika: mimi ndimi niliyeileta habari ile, nayo si kweli.