Farasi Wangapi? Volkswagen na Peugeot 404 Katika Mizani

Wanachama wenzangu, somo la ulinganishi safari hii linapanda gari. Watu wakikuta gari kuukuu limeegeshwa hawakosi kubishana: lipi lilikuwa kali? Mmoja hutaja mbio, mwingine nguvu, na kila mtu hupima kwa kibaba chake. Hebu tuyapime mawili ambayo wazee wetu wanayajua sana: Volkswagen 1200 ya Ujerumani, ile yenye mgongo wa kobe, na Peugeot 404 ya Ufaransa, yaani Pijo, iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1960.

Tuchukue yale ya mwaka wa 1962. Injini ya Volkswagen ilikuwa na ujazo wa sentimita 1,192. Ya Pijo 1,618. Zote silinda nne. Volkswagen ilifika kama kilomita 115 kwa saa, Pijo kama 142. Mpaka hapo hakuna ubishi.

Kazi iko kwenye nguvu za farasi. Volkswagen huandikiwa farasi 34, Pijo 72. Mtu akiona hivyo husema, "Aa, hii ni zaidi ya maradufu!" Ngoja kwanza. Ile 34 ilipimwa kwa kanuni ya Wajerumani iitwayo DIN, injini ikiwa na vifaa vyake kama inavyokaa garini. Ile 72 ni ya kanuni ya Wamarekani, SAE, ambayo siku hizo ilipima injini iliyovuliwa vitu kama chujio la hewa na bomba la moshi. Ni sawa na kushindanisha mwenye gunia begani na mwenye mikono mitupu. Kwa SAE, injini ile ile ya Volkswagen ina farasi 40.

Tena tusisahau uzito. Volkswagen ilikuwa na kilo 740 hivi, Pijo 1,070. Ukigawanya, Volkswagen inapata kama farasi 54 kwa kila tani, Pijo 67. Pijo bado iko mbele, lakini hayo maradufu yameyeyuka.

Sasa mbona mbio za East African Safari za 1962 alishinda Tommy Fjastad, na gari lake ni Volkswagen? Injini yake iko nyuma, juu ya magurudumu yale yale yanayosukuma, kwa hiyo kwenye matope tairi hushika. Tena inapozwa kwa hewa: hakuna rejeta ya kutobolewa na mawe, hakuna maji ya kuchemka. Jedwali la nguvu na mbio halina safu ya matope! Ubaya wake ni kona. Ukiingia kwa kasi, gurudumu la nyuma hujikunja chini ya gari na mkia unakutoka.

Pijo nayo ilikuwa na springi laini zenye mwendo mrefu, ikimeza mashimo bila kuyumba ovyo. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza Safari, na 7 tu yakamaliza. La kwanza lilikuwa Pijo 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Bert Shankland wa Tanzania akashinda na 404 mwaka wa 1966 na 1967, na Nowicki akarudia 1968. Kile kigari cha mgongo wa kobe hakikushinda tena baada ya 1962.

Kura yangu naipa Pijo, ila si kwa sababu ya zile farasi 72.